Utomvu hausuguliwi

Matone yalikuwa kumi na mawili, na mengi hayakuzidi ukubwa wa punje ya mchele. Yaliidondokea boneti mwezi wa Desemba, vijana walipokuwa wanaangua maembe na mimi nimeegesha chini ya mwembe wetu wa dodo, hapa Tanga. Siku mbili baadaye nikapeleka gari kuoshwa. Kijana aliyelipokea alikuwa na bidii, hilo sikatai. Akachukua sponji ya chuma, ile ya kusugulia masufuria, akaichovya kwenye petroli iliyokuwa ndani ya chupa ya maji, akaniambia, "Mzee, hii ni dakika mbili tu." Nilikuwa nimesogea pembeni kupokea simu.

Dakika mbili zilimtosha kweli. Utomvu ulitoka wote. Nilipofika nyumbani, jua la saa kumi likiipiga boneti kwa ubavu, nikaona kilichobaki: kila palipokuwa na tone kuna kiduara cha ukungu ukubwa wa kisoda, ndani yake mikwaruzo myembamba imepishana kama uzi wa buibui. Viduara kumi na viwili. Gari ni Toyota IST nyeusi ya mwaka 2005, na rangi ile ilikuwa bado ya kiwandani. Ilishavuka bahari, ikapigwa na jua na chumvi ya pwani miaka yote hiyo, ikabaki inaonyesha uso wa mtu kama kioo.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja kuhusu jambo hili, na ninausema popote watu wanapoegesha kivulini: utomvu hausuguliwi. Unalainishwa, halafu unainuliwa. Magari mengi ninayoyaona na makovu ya utomvu hayakuharibiwa na mti. Yaliharibiwa na mkono uliokuwa na haraka ya kuutoa.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kujua rangi ya gari ni nyembamba kiasi gani. Rangi ya kiwandani, ukijumlisha praima chini, rangi yenyewe katikati na klia juu, ina unene wa maikroni 100 hivi, pengine zaidi kidogo. Milimita moja ina maikroni 1,000, kwa hiyo tunazungumzia sehemu moja ya kumi ya milimita. Klia peke yake, ile inayong'aa na kuikinga rangi na jua, ni maikroni 40 hadi 50 tu. Unywele wa watu wengi ni mnene kuliko hapo. Sasa chukua waya wa kusugulia ukoko wa wali uupitishe juu ya kitu hicho.

Na kung'arisha si kujaza mkwaruzo, ingawa wengi wanadhani hivyo. Fundi anapopitisha mashine na dawa, anaichonga klia iliyouzunguka mkwaruzo mpaka ilingane na kina chake. Kila unapong'arisha umetumia akiba ambayo hairudi. Mikwaruzo ya kina kifupi inaondoka, ya kina kirefu unaiacha, kwa sababu ukiifuata mpaka mwisho utakutana na rangi tupu, na hapo kinachofuata ni kupiga rangi upya. Viduara vyangu vinane viliondoka. Vinne bado vipo.

Njia ya kuutoa utomvu nilikuwa naijua tangu utotoni bila kujua kwamba naijua. Shangazi yangu alikuwa hapasui fenesi kabla ya kupaka mafuta ya kupikia kwenye viganja na kwenye kisu. Utomvu wa fenesi ndio ule ule tuliokuwa tukitengenezea ulimbo wa kutegea ndege, ukishika umeshika, na sabuni haiuwezi. Ukinigusa vidoleni nilikuwa nakimbilia maji na kusugua mpaka ngozi inawaka. Yeye ananiita, "Njoo hapa mwanangu, acha kujichuna," ananipaka mafuta, ananiacha nimekaa kidogo, kisha anapitisha kitambaa mara moja. Mikono safi. Utomvu wa namna ile hauyeyuki kwenye maji. Unayeyuka kwenye mafuta, au kwenye spiriti, na unataka kupewa muda.

Boneti ni hivyo hivyo. Lakini kabla ya mafuta, hakikisha kwanza kama ulichonacho ni utomvu, maana hapa watu wengi wanakosea. Wakati miembe inapochanua, kabla hata embe halijafunga, magari yaliyo chini yake yanapata vitone vidogo vidogo vinavyonata, mamia, kama mtu kanyunyizia soda. Ule si utomvu wa mti. Ni kinyesi cha wadudu wadogo wanaonyonya maji ya majani na maua, na kimejaa sukari. Ndiyo maana sisimizi wanakifuata, na kikikaa majanini kinaota ukungu mweusi kama masizi. Kwa kuwa ni sukari, maji ya vuguvugu na sabuni laini yanakimaliza. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika tano, futa, basi. Ukikitolea petroli umeiadhibu rangi bure.

Utomvu wenyewe unatoka penye jeraha: kikonyo cha embe kilichovunjika, tawi lililokatwa, gome lililochubuka. Wa mwembe unaruka kwa nguvu embe linapong'olewa, na kila aliyekula embe bichi bila kuosha anajua unavyobabua midomo. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na watu wa Mtwara hawahitaji kuelezwa mafuta ya ganda la korosho yanavyofanya ngozi. Kitu cha aina hiyo kikilala juu ya klia, kikapikwa na jua, hakikai bure. Bati jeusi lililoanikwa mchana linafika nyuzi joto 60 na zaidi. Utomvu unalainika, unatambaa, usiku unapoa na kukaza, kesho tena. Ndani ya siku kadhaa unaanza kuacha alama. Kwa hiyo ninaposema usiwe na haraka ya kusugua, sisemi uuache wiki. Shughulika nao siku hiyo hiyo, ila kwa utaratibu.

Mimi nafanya hivi. Gari linakwenda kivulini, bati lipoe mpaka kiganja kikae juu yake bila kuungua. Kisha naosha sehemu nzima kwa maji mengi na sabuni ya magari. Hatua hii haina mjadala, kwa sababu vumbi letu lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Ukifuta boneti yenye vumbi, kitambaa chako kimeshageuka msasa kabla hujaufikia utomvu. Sabuni ya unga ya kufulia siitumii, inaondoa nta yote iliyokuwa inaikinga rangi.

Baada ya hapo mafuta. Ya kupikia yanatosha, kijiko kimoja tu. Natia tone la mafuta juu ya tone la utomvu, nakaa dakika kumi, naongeza kidogo likinyonywa. Kisha nabonyeza kitambaa laini juu yake na kukiinua. Nabonyeza na kuinua, sivuti huku na huku. Mara ya kwanza kinatoka na weusi kidogo wa kunata, mara ya pili zaidi, na ukigeuza upande safi kila mara utaona utomvu unahamia kwenye kitambaa kidogo kidogo. Utomvu wa siku moja au mbili mara nyingi unaishia hapa. Nililifanyia hivyo gari la mke wangu Januari iliyofuata, matone matano, kazi ya nusu saa pamoja na chai. Hakuna hata alama moja.

Uliokauka ukawa mgumu kama kaharabu, au ule wa misonobari ambao ndugu zetu wa Mufindi wanaujua vizuri, unahitaji spiriti, ile ya asilimia 70 inayouzwa duka la dawa. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, acha kabisa. Hiyo inawahusu hasa wenye magari yaliyopigwa rangi upya gereji za mitaani, maana baadhi ya rangi hizo zinalainika na spiriti, na rangi isiyomaliza hata mwezi haistahili kuguswa na kiyeyushi chochote. Ikikubali, lowesha kona ya kitambaa, ilaze juu ya tone kwa nusu dakika, inua. Rudia. Ukimaliza osha tena kwa sabuni, suuza, kausha, paka nta mahali pale, kwa sababu spiriti imeondoa ile iliyokuwepo. Na usifanye kazi hii karibu na jiko au mtu anayevuta sigara.

Petroli na thina naziweka nje ya mjadala. Najua zinatoa. Thina inatoa utomvu, na ikiachwa kidogo inatoa na rangi. Petroli inakausha raba za milango. Vyote viwili vikigusa taa za mbele, ambazo siku hizi ni plastiki, zinaweza kufifia au kupasuka vipasuko vidogo vidogo. Dawa ya kutolea rangi ya kucha nayo ni hivyo hivyo. Nyingi zina asetoni, na asetoni haijui tofauti ya kucha na klia. Wembe, utumie kwenye kioo cha mbele tu, ukiwa na maji ya sabuni, umeulaza karibu bapa juu ya kioo. Kwenye rangi, hapana, hata mkono wako uwe mwepesi vipi.

Vijana wanaoosha magari siwalaumu kama wengi wanavyowalaumu. Kijana analipwa kwa idadi ya magari aliyomaliza, foleni iko nyuma yake, na mteja amesimama anaangalia saa. Nani atamwambia akae dakika kumi na tone moja? Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia. Siku hizi nikifika naongea naye kabla hajashika ndoo: "Kijana wangu, hayo matone yaache, nitayatoa mwenyewe nyumbani. Wewe osha tu, na sponji ya magurudumu isipande juu." Hakuna aliyewahi kukasirika. Mmoja aliniuliza nayatoaje, nikamwonyesha kwa mafuta aliyoazima kwa mama ntilie wa jirani. Aliangalia utomvu unavyohamia kitambaani, akaita wenzake waje kuona. Nafikiri wenye sehemu hizi wangeweka bei yake kabisa, kutoa utomvu iwe kazi inayojitegemea na kulipiwa muda wake, kijana angekuwa na sababu ya kusubiri.

Kinachoniuma zaidi ni miti. Mtaani kwetu nimeona mwembe mkubwa, uliokuwa unawapa kivuli nyumba tatu, umeangushwa kwa shoka kwa sababu mwenye kiwanja kanunua gari na hataki lidondokewe. Sasa gari lile linashinda juani kutwa nzima, na jua la kutwa nzima, miaka nenda rudi, ndilo linaloichosha klia mpaka inabanduka kama ngozi ya nyoka juu ya paa. Mti ungeweza kulikinga na hilo kwa gharama ya kijiko cha mafuta mara chache kwa mwaka. Na msimu wa matone una mwisho. Ni wakati wa maua na wakati wa kuangua, mnajua mapema, egesheni upande wa pili wa ua kwa wiki hizo. Mwenye kava alitumie, ila alivike gari safi. Kava juu ya vumbi linakwaruza kila upepo ukivuma.

Hata nyumbani kwangu suala la kuukata liliwahi kuletwa, wiki ile ya viduara kumi na viwili. Mke wangu ndiye aliyelimaliza. Alitoka nje, akaitazama boneti, akapandisha macho kwenye mti, akasema, "Baba Zuhura, mwembe haukushika sponji." Mwaka huu umechanua mapema. Kwenye buti nimeweka kichupa cha mafuta, kichupa cha spiriti na vitambaa vitatu vilivyofungwa ndani ya mfuko ili visiingie mchanga.