Jarida lisilodaiwa na mtu

TP, yaani kazi za vitendo, za mwisho wa mwaka zikikaribia, wanafunzi wa mawasiliano hujazana katika sekretariati yetu ya uchapaji hapa Lubumbashi, Kongo, kila kundi na flash yake. Kazi wanayopewa ni ileile: watunge jarida la muziki, waliandike, walipange, walichapishe, kisha wakalitetee mbele ya juri. Mimi ndiye ninayepanga kurasa na kuchapa, kwa hiyo ninayasoma majarida hayo kabla mwalimu hajayaona. Mwaka huu yamenikasirisha, na nimeona niseme.

Lililonikasirisha zaidi lilikuwa zuri kwa macho. Jalada lake lilibeba sura ya mwimbaji wa Marekani, picha iliyochotwa kwenye intaneti. Ndani kulikuwa na habari za ziara ya mwimbaji wa Nigeria huko Ulaya, nyimbo zinazovuma Paris, na mahojiano ambayo kundi zima halikuwahi kuyafanya, maana yalinyofolewa sentensi kwa sentensi kutoka tovuti ya Kifaransa. Nilipomwuliza msichana aliyeleta kazi hiyo kwa nini hamna hata ukurasa mmoja wa hapa kwetu, alinijibu kwa heshima kabisa: "Yaya, habari ya mu Kenya haina kote. Juri inapenda ifanane na ya Bulaya."

Kenya aliyoitaja ni mtaa wa mji wetu, si nchi, na kote ni alama za mtihani. Na alisema kweli. Jarida lake lilipata kote nzuri sana. Kundi jingine la chuo hichohicho lilikwenda mtaa wa Katuba, likakaa na wapigaji wa karindula, ile banjo kubwa ya pipa, likaandika majina yao, mitaa yao, na namna wanavyogawana pesa baada ya kupiga. Hilo lilikatwa kote kwa sababu picha zilikuwa na giza na safu za ukurasa wa katikati zilipinda. Mimi ninayelipwa kunyoosha safu nawaambia: safu iliyopinda inanyooshwa kwa dakika chache. Habari ambayo hakuna aliyekwenda kuiuliza, hakuna programu itakayoitengeneza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nchini mwetu habari za muziki zinanunuliwa, na kila mtu anajua. Mwandishi akienda kwenye tamasha au mkutano wa waandishi, anarudi na coupage yake, yaani pesa aliyopewa ili asifu, mfukoni, na asubuhi msanii anaamka "nyota", "mfalme", "kiboko". Ndani ya nyimbo zenyewe ni mabanga: mwenye pesa analipa, jina lake linatajwa katikati ya wimbo wa mapenzi, na kesho lingine. Siwatukani. Mwandishi asiyepewa mshahara atakula nini? Mwanamuziki ambaye CD zake zinauzwa kwa magendo tangu siku ya kwanza atalipa studio kwa nini? Lakini matokeo yake ni kwamba katika mji wa watu wengi namna hii, mpenzi wa muziki hana mahali pa kusoma kwamba onyesho la Jumamosi lilikuwa baya, kwamba mwimbaji alichelewa watu wakakesha wakimsubiri, au kwamba kijana fulani asiye na mdhamini anapiga gitaa kuliko wote walio kwenye mabango. Redio haitasema. Ukurasa wa Facebook wa meneja hautasema.

Mwanafunzi anaweza kusema. Hajalipwa na mtu. Jarida lake halina tangazo la bia wala la kampuni ya simu. Likiwa na tangazo ni la kubuni, limewekwa ili kujaza nafasi aliyoagizwa na mwalimu. Hakuna meneja atakayempigia simu, hakuna bosi atakayemwondolea makala. Katika mji mzima, jarida hilo la TP ndilo chapisho pekee la muziki ninalolijua lisilodaiwa na mtu. Nafasi hiyo mtaipata kwa muda mfupi wa masomo, na mkishaingia kazini mtaitafuta msiione tena. Kuitumia kunakili yaliyokwisha kuandikwa na watu wanaolipwa vizuri huko Paris kunaniuma kwelikweli.

Kuna wanaosema: muziki wa Lubumbashi una nini cha kuandikwa? Kinshasa ndiko kwenyewe. Ninajibu kwa mfano wa Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu wa kurekodi muziki kutoka Afrika Kusini, alimkuta kijana huyu Jadotville, Likasi ya leo, akipiga gitaa, akamrekodi. Kidole gumba na cha shahada, vidole viwili tu, na ungedhani magitaa mawili yanajibizana. Sahani zake zikasambaa Afrika Mashariki, vijana wa Nairobi wakajifunza kupiga kwa kumsikiliza, na baadaye yeye mwenyewe na mpiga gitaa mwenzake Edouard Masengo wakafanya kazi huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft alichambua upigaji wake noti kwa noti katika jarida la kitaaluma la muziki wa Afrika. Kisha akaja Mwingereza John Low, mpiga gitaa, hadi huku Shaba, jina la Katanga wakati huo, kuwatafuta Mwenda, Masengo na Losta Abelo. Alikaa nao, akajifunza kwao, na shajara ya safari hiyo ikachapishwa 1982.

Itazameni kazi aliyoifanya Low. Alibisha hodi, akauliza gitaa linafungwaje nyuzi, wimbo huu ulitoka wapi, nani alikufundisha. Hiyo ni TP yenu! Hakuwa na kompyuta wala Canva ya kupangia kurasa. Aliifanya kwa sababu aliupenda muziki wetu kiasi cha kusafiri kuufuata, wakati mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kasapa anapanda basi moja tu kufika mtaa wa Kamalondo. Mwenda alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1990. Leo mtu wa Lubumbashi akitaka kumjua kwa undani, atasoma Kiingereza, na rekodi za Tracey atazifuata kwenye maktaba iliyoko Afrika Kusini. Ninawashukuru waliozihifadhi. Hata hivyo, kila ninapoona jarida la wanafunzi wetu lenye kurasa 16 na hakuna mzee hata mmoja wa mji huu aliyeulizwa swali, najiuliza ni wangapi wanaondoka sasa hivi bila hata huyo mgeni wa kuwabishia hodi.

Na msiniambie kuandika majarida ni utamaduni wa wageni. Mji huu ulikuwa na Mwana Shaba tangu 1957, jarida la wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, baadaye la Gécamines iliyoirithi. Lilikuwa sauti ya kampuni, sikatai. Lakini wazee wengi wa hapa walizoea kuona maisha yao, mpira wao na sherehe zao zimechapwa kwenye karatasi, na wako wanaoyatunza matoleo yake ya zamani hadi leo. Watoto wao ndio wanaoletewa sasa habari za ziara za Ulaya.

Kundi la Jecoke, Vijana Wachekeshaji wa Kenya, nani kati yenu amewaandika? Jina la mtaa limo ndani ya jina la kundi. Walichanganya nyimbo, ngoma na vichekesho tangu miaka ya 1950, na Masengo mwenyewe alipitia huko. Mwimbaji Tshala Muana alipofariki Desemba 2022, mitandao ilijaa picha zake, Kasai wakamlia, Kinshasa wakamlia. Alizaliwa hapa, mji ukiitwa bado Élisabethville, mwaka 1958. Sikuona mwanafunzi hata mmoja aliyekwenda kuuliza ni mtaa gani.

Kuhusu upangaji nitasema kidogo, maana ndipo wengi wanapodhani kazi iko. Jarida la kushonwa kwa pini linahesabiwa kwa nne: kurasa 8, 12, 16. Mtu anayeniletea kurasa 14 ananilazimisha kuongeza mbili tupu, na mbili hizo hujazwa saa ya mwisho kwa upuuzi. Picha mtumiane WhatsApp kama faili, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, na ikichapwa inatoka ukungu. Karatasi inataka nukta 300 kwa inchi. Rangi inayowaka kwenye kioo cha simu itafifia kwenye karatasi, msishtuke. Scribus, programu ya kupangia kurasa, ni ya bure na inatosha kabisa. Herufi za aina mbili, tatu mwisho. Hayo yote mtu anaweza kuyajifunza kwa juma moja akiwa na umeme wa kutosha.

Kuna moja tu la upangaji nitakalolishikilia. Sura ya ukurasa inatoka kwenye habari, na wanafunzi wengi wanaanza kinyume: wanachukua kiolezo cha jarida la Ulaya chenye nafasi ya picha kubwa ya msanii aliyepigwa studio, kisha wanatafuta kitu cha kutia humo. Picha ya Katuba, ya jioni, nusu gizani, haiwezi kuingia pale bila kuonekana mbaya, ndiyo maana juri waliiona mbaya. Ile ya wapiga karindula niliipenda. Mzee ameinamia lile pipa lililowambwa ngozi ya mbuzi, uso wake hauonekani vizuri, mikono yake inaonekana yote. Ningeitia nyeusi na nyeupe, ijaze kurasa mbili za katikati, maneno machache chini, jina lake kamili na mtaa wake. Niliwashauri hivyo. Waliogopa, wakairudisha ndogo pembeni ili kiolezo kisivurugike.

Ninajua pia vikwazo vyao, na sitajifanya sivioni. Nauli ni pesa. Wanamuziki wengine wakimwona kijana na kinasa sauti wanadai walipwe kwanza. Wazazi hawapendi binti aende Kenya usiku kwenye baa inayopiga muziki, na wana sababu. Na jarida lile la sura ya Mmarekani, lazima niseme, lilipangwa kwa mkono mwepesi. Msichana yule ana jicho, atapata kazi. Lakini karibu kila bendi hufanya mazoezi mchana. Kanisani kuna wapiga gitaa waliofundishwa na wazee wa zamani. Kwenye vilio kuna vikundi vinavyopiga saa za mchana mbele ya watu wote. Kijana mmoja wa kundi la Katuba alinisimulia alivyopokewa na mpigaji mkubwa wao. Walikuwa wamejiandaa kudaiwa pesa, na yule mzee aliwaambia: "Batu banakujaka, banatupiga foto, banaenda. Hakuna mwenye alituulizaka majina." Aliwapa alasiri nzima, na chai juu yake.

Lugha nayo. Wengi wanaimba kwa Kiswahili cha hapa, wanahojiwa kwa Kiswahili, kisha mwanafunzi anarudi kuyageuza yote kuwa Kifaransa cha darasani ambacho yule mzee hawezi kukisoma. Chuo kikidai Kifaransa, haya, kipeni Kifaransa chenu. Maneno ya mtu yaacheni yalivyotoka kinywani mwake.

Kwa walimu nina ombi moja tu. Wekeni sehemu ya kote kwa ajili ya habari iliyopatikana kwa miguu, na iwe kubwa kuliko ya jalada. Mwanafunzi anafuata kote, hata mimi ningeifuata. Mkisema kwamba jarida lisilo na hata mtu mmoja aliyehojiwa ana kwa ana katika mji huu halitetewi, mwaka ujao mtaona kurasa tofauti kabisa.

Na ninyi mnaoanza TP sasa, kazi zipo zinawangoja. Nani anatengeneza karindula siku hizi, ngozi anaitoa wapi, na fundi huyo amemrithisha nani? Bendi ya harusi inalipwa kiasi gani Ruashi, na mpiga besi anabaki na nini? Vijana wa rap wa Kampemba wanarekodi kwa nani, na umeme ukikatika katikati ya wimbo inakuwaje? Yuko nani aliyemwona Mwenda akipiga kwa macho yake? Chagueni moja, mwende wawili wawili, muandike majina kamili na muulize tena tahajia kabla hamjaondoka. Kundi litakaloniletea hata kurasa nne za namna hiyo, hata kama picha zina giza na safu zimepinda, nitakaa nalo jioni baada ya kufunga sekretariati tuzinyooshe pamoja, na upangaji huo sitautoza kitu.