Kilemba apewe nani?

Ndoa ilifungwa baada ya alasiri, katika msikiti mmoja wa Ngamiani hapa Tanga. Sheikh alipouliza walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, yuko wapi, akasogezwa mbele bwana mmoja wa makamo, kanzu yake mpya bado ina mikunjo ya begi. Alikuwa ameshuka kwenye basi la Dar es Salaam asubuhi ile ile. Huyo ndiye baba. Akampa mkono bwana harusi, akatamka yanayotakiwa kutamkwa, kazi ikaisha.

Mstari wa tatu nyuma yake, karibu na sinia la halua, alikaa fundi baiskeli mmoja ninayemfahamu miaka mingi. Binti aliyeolewa aliingia nyumbani kwake ana miaka mitatu, ameshikwa mkono na mama yake. Ada, sare, homa za usiku wa manane, hadi gauni la harusi, vyote vimetoka kwenye vidole vile ambavyo grisi haibanduki hata kwa sabuni ya unga. Siku hiyo hakuombwa atamke neno.

Jioni kijiweni kahawa ilinyweka kwa kelele. Kuna walioapa kwamba fundi amedhulumiwa mchana kweupe. Wengine wakajibu kuwa nasaba hainunuliwi kwa ada ya shule, na walii ni walii hata kama alipotea miaka ishirini. Nilinyamaza, lakini niliondoka na ubishi ule kichwani, na sijautua mpaka leo.

Majina yenyewe yanatuchanganya. Mtaani mume wa mama huitwa baba wa kufikia, au baba wa kambo. Aliyekulea bila kumuoa mama yako ni baba mlezi. Maofisa wa ustawi wa jamii nao wakisema malezi ya kambo wanakusudia jambo lingine: familia iliyokabidhiwa mtoto wa watu wengine ili imtunze, kwa utaratibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa hiyo mtu wa kawaida akisikia wanatafutwa wazazi wa kambo, anaweza kudhani anahimizwa aoe mjane. Na hilo neno "kufikia" limenifikirisha. Anayefikia ni msafiri. Mgeni hufikia kwa mwenyeji wake. Sasa katika nyumba kama ya fundi, nani amefikia kwa nani? Mtoto mwenyewe hajali. Akiita, anaita "baba" tu, bila "mlezi" wala "kambo" nyuma yake.

Wanaotetea nasaba wana kisa kikubwa mkononi, nacho ni cha Zaid bin Haritha. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, akaishia kwa Bi Khadija, naye akampa Mtume Muhammad kabla ya utume. Baba yake mzazi hakumsahau. Alimtafuta mpaka akapata habari kuwa yuko Makka, akaja pamoja na ndugu yake, wamebeba fidia. Wakaambiwa kijana achague mwenyewe. Akichagua kwenda, aende bila fidia. Zaid akachagua kubaki. Mtume akatangaza mbele ya watu wa Makka kuwa huyu ni mwanawe, na tangu siku hiyo akaitwa Zaid bin Muhammad. Miaka ikapita, ikashuka Sura ya Al-Ahzab, na aya ya tano ikaamuru watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Zaid akarudi kuwa bin Haritha.

Wengi wakisimulia kisa hiki huishia hapo, kana kwamba maana yake yote ni katazo. Mimi husogea mbele kidogo. Zaid alipoondolewa lile jina, hakuondolewa nyumbani wala moyoni. Alikufa kwenye vita vya Mu'ta akiwa amepewa uongozi wa jeshi, na mwanawe Usama naye akaja kupewa jeshi angali kijana. Kisha, kati ya maswahaba wote, ni Zaid peke yake aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani, katika sura hiyo hiyo. Mafundisho yaliyotenganisha damu na malezi hayakuyashusha malezi. Mtume mwenyewe alifiwa na baba kabla hajazaliwa, akalelewa na babu yake, kisha na ami yake Abu Talib, na hakuna aliyewahi kumwita Abu Talib baba wa bandia. Ndiyo maana namwona mtu wa kijiweni anayesoma aya ya tano ili amnyamazishe fundi kuwa ameisoma nusu.

Upande wa pili una Yusufu wa Nazareti. Katika Injili ya Mathayo ukoo wa Daudi unateremka hadi kwa Yusufu, halafu kalamu inageuka: Yusufu hatajwi kuwa alimzaa Yesu, anatajwa kuwa mume wa Mariamu. Hata hivyo ni kwa mgongo wa seremala huyo ndipo mtoto anahesabiwa wa nyumba ya Daudi. Luka anaandika kwamba alidhaniwa kuwa mwana wa Yusufu. Hapa mlezi amempa mtoto jina, ufundi na ukoo, na watu wa mtaani wakamjua kama mwana wa seremala. Cha ajabu, Injili zote nne hazina hata sentensi moja iliyotamkwa na Yusufu. Na yeye alikaa mstari wa tatu.

Kwa hiyo kumpa mtoto wa kulea jina lako kuna hoja nzito, tena kwetu sisi ambao jina la pili la mtu ndilo la baba yake. Mtoto akiitwa jina la mtu asiyemwona, kila mwalimu anayeita mahudhurio anamkumbusha pengo. Mwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na fomu ya shule vyenye jina moja hupita madirishani bila maswali.

Lakini jina linaweza pia kufuta. Nenda Bagamoyo, kwenye misheni ambayo mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka 1868. Miaka ile soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado halijafungwa. Lilikuja kufungwa 1873. Mapadri walikomboa watoto waliokuwa wakiuzwa, wakawaleta Bagamoyo, wakawasomesha, wakawafundisha kazi za mikono na mashamba, wakawabatiza na kuwapa majina mapya. Walipokua walioana wenyewe kwa wenyewe na kukaa katika kijiji cha waliokombolewa. Bila mikono ile wengi wao wangekufa au kupotelea ng'ambo. Hilo silipunguzi hata chembe. Lakini mtoto aliyetoka bara, aliyemjua mama yake kwa sauti na kijiji chake kwa mto, akapewa jina la mtakatifu wa Ulaya, wajukuu zake wanaitafuta wapi njia ya kurudi? Mlezi alimwokoa mtoto, na kumbukumbu ya alikotoka ikazama. Aya ya tano ingewafaa watoto wale: inasema kama baba zao hawajulikani, basi ni ndugu zenu katika dini. Undugu unatosha kumtunza mtu bila kumzulia asili.

Na tusijidanganye kwamba baba mzazi siku zote ndiye aliyekuwa na haki. Bagamoyo hiyo hiyo, kwa mila ya Wakwere na Wazaramo, ukoo ulifuata upande wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya wapwa, na baba mzazi angeweza kukaa kwenye shughuli ya mwanawe kama mgeni wa heshima. Wazigua nao vivyo hivyo. Babu zetu wengine wangeshangaa kuona tunavyogombana kama vile kiti cha baba kiliumbwa na miguu minne ileile toka Adamu.

Yule bwana wa basi naye simhukumu kwa kanzu yake. Kuna wazazi waliokimbia majukumu, na kuna waliofungiwa mlango baada ya talaka, simu hazipokelewi, mtoto akalishwa maneno. Sijui yeye ni wa kundi gani. Nilichokiona ni kwamba mkono wake ulitetemeka alipompa bwana harusi.

Basi kosa liko wapi? Kwa maoni yangu haliko kwenye ile nikahi. Walii alikuwa wa damu, na ndivyo fiqhi, sheria za dini yetu, inavyotaka. Kosa ni kwamba hayo mengine yote, ambayo dini imetuachia mikononi, nayo tuliyapeleka kwa damu. Chukua kilemba. Katika harusi zetu za pwani, mbali na mahari ambayo ni ya bibi harusi mwenyewe, hutolewa mkaja na ubeleko kwa mama, na kilemba kwa baba. Mkaja ni wa kufungia tumbo la uzazi, ubeleko ni wa kumbebea mtoto: hata majina yanalipa kazi. Kilemba si sharti la ndoa, ni mila, na kwa wengine hupewa mjomba. Hakuna sheikh ambaye angepinga bahasha ya kilemba ikipelekwa mstari wa tatu. Wazee wakaikabidhi kwa walii, kwa mazoea tu.

Ndivyo ilivyo hata kwenye mirathi. Mtoto wa kulea hana fungu kwenye mirathi ya Kiislamu, na watu husema hilo kwa sauti ya kufunga mjadala. Lakini kwa kuwa si mrithi, ndiye hasa anayeweza kuachiwa kwa wasia hadi theluthi ya mali, na zawadi inayotolewa mtoaji angali hai haina hata mpaka huo. Anayetaka mtoto ahamie kwake kisheria moja kwa moja ana mlango wa kuasili, unaopitia Mahakama Kuu. Wachache hubisha milango hiyo. Mlezi wetu hulea miaka ishirini kwa mdomo, akifa watoto wake wa damu wanamwambia mwenzao kwa upole kwamba arudi kwa baba yake.

Wiki mbili baada ya harusi nilimpelekea fundi gurudumu langu la nyuma lililopinda. Aliligeuza, akalizungusha, akakaza spoku moja moja huku jicho moja kalifumba. Nikamtupia neno la kilemba. Akacheka.

"Miye kilemba nikavae wapi, na hii kazi?"

Akazungusha tena. Rimu ikapita sawa katikati ya uma. Kisha, bila kuniangalia:

"Hebu niambie wewe uliyesoma. Nyumba yangu ina vyumba sita. Theluthi yake si vyumba viwili?"