Kingo si safi: je, MRI iamue upasuaji wa pili?

Mwanamke katolewa uvimbe titini, kidonda kinaanza kupona, halafu jibu la maabara linakuja: kingo si safi. Nyama iliyotolewa ilipakwa wino upande wote wa nje, ikakatwa vipande vyembamba, na hadubini ikaonyesha seli za saratani zimegusa wino. Kwa saratani iliyokwisha kupenya nje ya mirija au vijifuko vya maziwa ilikoanzia, mwongozo wa Marekani wa 2014 unaitambua hali hiyo kama ukingo usio salama, na kwa kawaida mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji. Ana haki ya kuuliza: kwa nini nisipigwe kwanza MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ijulikane kama kuna kilichobaki?

Wanaoitetea MRI wana hoja nzito. Kwenye titi lenye tezi nyingi, mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, huonyesha tezi na uvimbe vyote vyeupe, kimoja kikijificha ndani ya kingine. MRI hutumia dawa ya gadoliniamu inayodungwa mshipani. Saratani, kwa kuwa ina mishipa mingi ya damu inayovuja, huipokea haraka na kung'aa. Uvimbe mwingine, hata ulio mbali na kidonda, unaweza kuonekana. Kwa saratani ya aina ya lobula, inayotambaa bila kufanya donge, msaada huo ni mkubwa: ikithibitika kwamba ugonjwa umesambaa, mwanamke huepushwa kukatwa kidogo kidogo mara tatu.

Tatizo ni kwamba kidonda kibichi nacho hung'aa. Utando mwembamba, laini, unaozunguka shimo la upasuaji ni wa kawaida kwa miezi kadhaa. Unaotia shaka ni ule mnene au wenye vinundu. Kati ya hizo mbili kuna picha nyingi zisizosema wazi, na ndiyo maana titi lote lisitolewe kwa picha peke yake kabla ya kuchukua kinyama na kukipima.

Kinachonitisha zaidi ni picha safi. MRI haioni seli chache zilizotawanyika. Mgonjwa akiambiwa haionekani kitu, ni rahisi aelewe kwamba amepona, akaacha upasuaji wa pili, au akaacha tiba ya mionzi. Utafiti wa Bernard Fisher huko Marekani, uliotoa matokeo ya miaka 20 mwaka 2002, ulihesabu wanawake waliotolewa uvimbe tu, titi likabaki, na ambao kingo zao zilikuwa safi: waliokosa mionzi, saratani iliwarudia kwenye titi lile lile kwa asilimia 39, waliopata, asilimia 14. Kingo safi, na bado zilibaki seli.

Basi kwangu MRI ni ya kupanga upasuaji wa pili, si ya kuufuta. Na hata katika kupanga isitarajiwe miujiza: jaribio la COMICE la Uingereza, lililochapishwa 2010 likiwa na wanawake 1,623, liliwapiga baadhi yao MRI kabla ya upasuaji wa kwanza, na waliorudi kukatwa tena walikuwa takriban asilimia 19 kote, waliopigwa MRI na wasiopigwa.

Kwa anayelipa mwenyewe, fedha ya mionzi isiguswe kwa ajili ya picha. Na kuna jambo la kumuuliza daktari kabla ya upasuaji wa kwanza: je, nyama itakayotolewa itawekewa nyuzi za alama, mfano fupi kwa upande wa juu na ndefu kwa upande wa kwapa? Zikikosekana, maabara itasema ukingo ni mchafu bila kusema ni upi, na daktari atalazimika kukata pande zote.