Eti Australia Ni Nchi Tupu

Juzi saa tano usiku simu ikaanza kulia mfululizo. Nikajua kuna msiba. Kumbe grupu la ukoo. Mtoto wa mama mdogo, viza yake ya kwenda kusoma Perth imetoka (hongera zake, kahangaika nayo), katuma ramani ya Australia. Madoa ya watu yako pembeni, katikati kweupe. Chini kaandika: "Familia, nchi yote hii tupu! Jamaa wana ardhi ya kuchezea. Tukajikatie hata ekari mia." Wakacheka, wakatuma vidole gumba. Mjomba akauliza kama udongo wa huko unafaa kwa korosho.

Usingizi ukakata.

Nimekaa Darwin, mji wa kaskazini mwa Australia, miaka miwili, 2022 na 2023, nikisoma. Neno hilo "tupu" nimelisikia huko mpaka likaniota sugu sikioni. Kulisikia sasa kwenye grupu letu, la watu wa Kilwa, ambao ardhi yetu wenyewe iliwahi kuitwa hivyohivyo na tukaona matokeo yake, kulinipandisha presha. Kwa hiyo dogo, nisamehe, leo nakuanika.

Hesabu sibishi. Ni kilometa za mraba milioni 7.7, yaani Tanzania nane, na watu kama milioni 27, hawafiki hata nusu yetu. Wengi wamejibanza pwani, Sydney, Melbourne, Brisbane, Perth. Hiyo Perth unakoenda iko karibu na Jakarta kuliko ilivyo karibu na Sydney, kwa hiyo usiahidi kuwatembelea rafiki zangu wa Sydney wikiendi. Ukipanda ndege mchana unakaa dirishani saa tatu unatazama wekundu tu, hakuna bati linalong'aa. Naelewa kwa nini mtu anasema tupu.

Ila kuna shamba la ng'ombe kule South Australia, linaitwa Anna Creek. Chukua Unguja, ongeza Pemba, zidisha mara tano, bado Anna Creek ni kubwa. Lina watu wachache wa kuhesabika na ng'ombe waliotawanyika kama kunguni kwenye godoro la gesti. Mbona hilo hakuna anayeliita tupu? Kwa sababu lina hati. Tupu si habari ya watu kuwapo au kutokuwapo. Ni habari ya nani karatasi inamtambua.

Januari 26, 1788, Arthur Phillip alipandisha bendera ya Uingereza pale Sydney, na kuanzia hapo nusu ya mashariki, na baadaye bara zima, likahesabiwa mali ya mfalme, kana kwamba halikuwa na mwenyewe. Wakati huo lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepima dalili za watu kwenye pango la Madjedbebe, huko huko Northern Territory nilikokuwa, wakafika hadi kama miaka 65,000. Lakini watu hao hawakuwa na uzio, wala hati, wala shamba la mistari ambalo Mwingereza angelitambua kuwa ni shamba. Walichoma nyasi kwa zamu na kwa majira, ili mnyama arudi malisho yakichipua. Mzungu akaona moshi, akasema pori linaungua.

Hapa nimkumbuke bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa na shamba analolima miaka mitatu, kisha analiacha. Linaota majani, linaota miti, tumbili wanahamia. Ukimwambia, "Bibi, lile pori kule", anakukata jicho. "Si pori. Mahame yale." Mahame! Mahali palipohamwa. Ndani ya neno mna watu tayari: walikuwapo, wakahama, na wana njia ya kurudi. Angekuonyesha mwembe uliopandwa na babu yake, kaburi la shangazi yake aliyekufa mchanga, kichuguu ambacho jirani hakivuki na panga. Mgeni akipita na gari haoni hata kimoja. Anaona tumbili.

Watu wa kisiwa cha Mer, kwenye mlango-bahari wa Torres kati ya Australia na Papua New Guinea, nao walikuwa na mabustani yao na mipaka yao, baba anamrithisha mtoto, na sheria iliyoletwa na Malo, ambaye kwao ana umbo la pweza. Sheria yenyewe mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa: zuia mikono yako, usiguse kisicho chako. Mtoto wa kisiwa hicho, Eddie Koiki Mabo, alikuwa mtunza bustani kwenye chuo kikuu cha Townsville. Siku moja miaka ya sabini anazungumza na wanahistoria wawili wa pale chuoni kuhusu shamba la ukoo wake, nao ikabidi wamwambie kwamba kwa sheria ya Australia lile shamba si lake, ni ardhi ya Taji, yaani ya dola. Mtu anamwagilia maua ya wenzie miaka yote, hajui kwamba kwao ameshanyang'anywa. Hawakumfukuza, hawakumchomea nyumba. Karatasi tu ilikuwa haimwoni.

Akaenda mahakamani na wenzake mwaka 1982. Kesi ikachukua miaka kumi. Juni 3, 1992, Mahakama Kuu ya Australia, majaji sita kwa mmoja, ikakubali kwamba Wameriam, yaani wenyeji wa Mer, walikuwa na haki zao za ardhi kabla ya Mwingereza na haki hizo hazikufa kwa bendera kupandishwa. Mabo hakuisikia hukumu. Alifariki Januari mwaka huohuo. Mwaka 1995 wakamjengea kaburi zuri Townsville, na usiku huohuo wa kulizindua watu wakalichafua kwa rangi. Familia ikamchukua, ikaenda kumzika Mer. Sina la kuongeza hapo.

Dogo, bado unasema tupu? Basi ngoja nikwambie Maralinga, nyika ya South Australia. Waingereza walipotaka pa kujaribia mabomu ya nyuklia katika miaka ya hamsini, walitazama ramani kama uliyotuma wewe, wakaona katikati kweupe. Serikali ya Australia ikawaambia karibuni. Wenyeji wakahamishwa kusini, Yalata, mbali na visima na njia zao. Waliobaki wakitembea nyikani waliwekewa vibao vya onyo vya Kiingereza, lugha ambayo hawakuisoma. Mei 1957 askari wakakuta familia imepiga kambi kando ya shimo la bomu: baba, mama, watoto wawili na mbwa wao. Mama alikuwa mjamzito. Wakawaogesha, wakawapima mionzi, wakawaua mbwa kwa risasi. Mtoto wa tumboni akazaliwa mfu. Ndiyo maana ya nchi tupu hiyo.

Tena Katiba yao ya 1901 ilikuwa na kifungu, cha 127, kilichosema katika kuhesabu watu wa nchi, wenyeji wasihesabiwe. Kilifutwa kwa kura mwaka 1967, na zaidi ya asilimia 90 walisema Ndiyo. (Ile hadithi ya mitandaoni kwamba wenyeji waliandikwa kwenye sheria ya mimea na wanyama si kweli, acheni kuisambaza. Ukweli wenyewe unatosha.)

Serikali yao sasa. Nitakuwa mkweli ingawa sipendi: kuna mambo wanatuzidi. Kupiga kura ni lazima tangu 1924. Usipokwenda unaandikiwa barua, huna sababu unalipa faini ya dola 20. Mei 2022 mama mwenye nyumba wangu alinibeba kwenda naye kwenye shule ya msingi ya jirani, Jumamosi asubuhi. Kandambili miguuni, penseli imefungwa kamba kwenye kibanda cha kadibodi, mlangoni wazazi wa shule wanachoma soseji na vitunguu, wanakufungia kwenye silesi ya mkate. Hakuna defenda, hakuna mtu kashika bunduki, hakuna mtandao kuzimwa. Nilikula soseji mbili, nikajisikia wivu wa kupigana. Wana Gavana Mkuu anayemwakilisha mfalme; aliyekuwapo mwaka 1975 alimfuta kazi waziri mkuu Gough Whitlam aliyechaguliwa na wananchi. Wana waziri mkuu mwingine, Harold Holt, aliyekwenda kuogelea baharini Desemba 1967 asionekane tena, nao wakampa heshima ya kuita bwawa la kuogelea kwa jina lake. Nchi ya ajabu hiyo.

Basi ni watu haohao wa penseli na soseji walioulizwa Oktoba 14, 2023: tuwape wenyeji wa kwanza chombo cha kulishauri Bunge, kitajwe ndani ya Katiba? Kushauri, si kuamua. Kwao Katiba haibadiliki mpaka wengi wa nchi nzima wakubali na pia majimbo manne kati ya sita. Hawakufika popote. Asilimia 60 walisema Hapana, na majimbo yote sita. Vituo vya vijiji vya mbali vya wenyeji kule kwetu Northern Territory vilisema Ndiyo kwa wingi, lakini wenyeji hawafiki hata watu wanne katika kila mia. Mama mwenye nyumba wangu, aliyenilea kama mwanawe, aliyenipikia uji nilipougua, aliandika Hapana. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa kibwagizo cha kampeni: kama hujui, piga Hapana. Nikanyamaza, maana nilikuwa mgeni nyumbani kwake. Jumatatu yake chuoni mhadhara ukafunguliwa kama kawaida kwa kuwatambua "wenye ardhi hii wa jadi". Kila mkutano unaanza hivyo. Mimi kila siku nilisikia mtu anapiga hodi akiwa ameshakaa kwenye kochi, viatu kavua, rimoti mkononi.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Kila baada ya miezi kadhaa mtu anatuma kwenye grupu habari ya zile pesa za shaba za Kilwa. Kweli zipo: mwaka 1944 askari wa Australia kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa, aliokota sarafu tisa mchangani, nne za Kidachi na tano za masultani wetu wa Kilwa. Akazitia kwenye kopo, akakaa nazo mpaka 1979. Zilifikaje, hakuna ajuaye. Mimi mwenyewe niliposikia nilitokwa machozi, nikiwa Darwin, chini ya mvinje, mti uleule wa kwetu. Lakini grupu linaandika nini? "SISI NDIO TULIOGUNDUA AUSTRALIA!" Tumegundua nini? Ufukwe ule ni wa Wayolngu, wenyeji wa huko. Hata kama mzee wetu alishuka pale kwa jahazi, alikuta watu, na kama alikuwa mtu wa adabu alipiga hodi.

Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi ya koloni lao huku kwetu, ukiacha ile ambayo mtu angeweza kuthibitisha ni yake, haina mwenyewe, ni ya dola. Wakaja na pamba ya lazima, na miaka kumi baadaye Wamatumbi wakaing'oa, na Majimaji ikaanza. Mkoloni kaondoka. Sasa fungua Sheria ya Ardhi yetu, Namba 4 ya 1999, iliyoandikwa na sisi, usome maana ya ardhi ya jumla. Imo ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Isiyotumika na nani? Kwa macho ya nani? Mwembe, kaburi na kichuguu cha Bibi vinaingia kwenye fungu gani? Sheria ya vijiji ya mwaka huohuo haina maneno hayo, kwa hiyo kila upande unashika karatasi inayoufaa. Mwekezaji alipokuja kwetu na habari za mbono kaburi, eti mafuta ya magari, mkutano wa kijiji uliambiwa lile ni pori tu, halina kazi. Wakasaini. Mbono ukafa, mwekezaji akaondoka, na mahame ya Bibi hayajarudi mpaka leo maana hakuna anayejua hati iko kwenye droo gani. Mjomba aliyeuliza habari za korosho alikuwa kwenye mkutano ule. Alisaini.

Kwa hiyo usiku ule sikuandika matusi. Nikatuma picha. Ya Agosti 16, 1975: Whitlam, na suti yake, anamwagia udongo mwekundu kwenye kiganja cha Vincent Lingiari, mzee wa Wagurindji, wenyeji wa Northern Territory. Mwaka 1966 Lingiari aliwaongoza watu kama 200 kutoka kwenye ranchi ya Wave Hill, ya lodi wa Kiingereza, walikofanya kazi kwa unga, chai, sukari na vipande vya nyama. Watu walidhani wanagomea mshahara. Walikuwa wanataka nchi yao. Walikaa miaka tisa, mingi yake kando ya kijito.

Dogo hakujibu. Vidole gumba havikuja. Baadaye, karibu saa saba, akaingia mjomba kwa sauti, nyuma yake nasikia feni.

"Mwanangu, nimeitazama hiyo picha. Huyo mzungu anampa mzee udongo, sawa. Hati je, alimpa?"

Nikamwandikia: siku ile walipewa ya kupangishwa, Mjomba. Hati yenyewe ilikuja 1986.

Akakaa kimya kidogo, kisha ikaja sauti nyingine, fupi.

"Jumamosi nitakwenda kwa mwenyekiti. Yule mwembe naujua ulipo."