Wingi wa huduma si kipimo cha urahisi

Mwandishi wa makala niliyoisoma ameisifu serikali ya Kenya kwa kuwa huduma zilizowekwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali iliyoanza mwaka 2014, zimepita 5,000 tangu mwaka 2023. Naipongeza hatua hiyo, lakini idadi hiyo hainielezi ni wananchi wangapi wanaoweza kuimaliza fomu bila kushikwa mkono. Mwezi uliopita nilimsindikiza mama yangu hadi saiba, duka la kompyuta na intaneti, kujaza fomu ya idara moja ya serikali. Katikati ya fomu alitakiwa kupakia cheti ambacho hakuambiwa mapema kwamba angekihitaji, na tulipokifuata nyumbani na kurudi, muda ulikuwa umekwisha na yote aliyoyajaza yamefutika. Ujumbe wa kosa ulikuwa namba tupu na maneno mawili ya Kiingereza, ilhali Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Hatimaye alimlipa kijana wa saiba amalizie kazi, yaani akampa mtu asiyemjua nywila yake na nambari ya kitambulisho, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Uingereza, ilipozindua GOV.UK, tovuti yake ya huduma za serikali, mwaka 2012, ilisisitiza maneno mepesi na kuzijaribu kurasa pamoja na watumiaji wa kawaida. Naiomba wizara husika iketi na akina mama kama wangu, wakiwa na simu zao wenyewe, iwatazame wanapokwama na kuparekebisha hapo kabla ya kutangaza huduma nyingine mpya.