Hela ya ujuzi ifike na karakana

Kuna jibu nimelisikia kwenye semina moja hapa Dodoma mjini wiki iliyopita na mpaka leo halijanitoka kichwani. Mada ilikuwa fursa za mafunzo ya ufundi kwa vijana, projekta ipo, chai na sambusa zipo, wakubwa wapo. Mzee mmoja fundi mageti, mtu wa Kizota, akanyoosha mkono akauliza, jamani sisi wenye karakana tunaowafundisha hawa vijana kila siku, kwenye hii hela ya serikali na sisi tumo? Mtoa mada akamjibu, "Mzee wangu, faida yenu nyie ni kwamba mnapata nguvukazi." Watu wakacheka kidogo, mada ikaendelea, mzee akakaa.

Mimi sikucheka. Nina karakana ndogo ya kuchomelea, naijua hiyo nguvukazi inavyopatikana, na nataka niieleze maana naona wanaopanga haya mambo hawajawahi kusimama pale.

Kijana analetwa na mama yake. Kamaliza form four, matokeo hayajakaa vizuri, ada ya chuo hakuna. Mama anakwambia mwanangu nisaidie tu huyu ajue kazi. Unampokea, unampa hela ya kula na nauli, maana huwezi kumwacha mtoto wa watu ashinde njaa kwenye jua la Dodoma. Mwanzoni anabeba vyuma, anapiga brashi, anapaka rangi ya kuzuia kutu, hapo bado hajakugharimu sana. Gharama inaanza siku unayompa holda, kile kishikio cha rodi ya kuchomelea, mkononi. Anachomelea bomba la skwea jembamba, moto kaweka mkubwa, anatoboa. Unamkatia kipande kingine anatoboa tena. Na hilo bomba limenunuliwa kwa advansi ya mteja.

Akishajua kutotoboa anakuja kwenye kuunga fremu. Hapa ndo penye shughuli. Fremu ya geti unaishika kwanza kwa vidoti kwenye kona zote nne, halafu unapima kona kwa kona, huku na huku, vipimo vikilingana ndo umepata pembe, hapo sasa unachoma, tena kwa kuruka ruka, kidogo upande huu kidogo upande ule, kwa sababu ukichoma mfululizo upande mmoja joto linavuta chuma na fremu inapinda. Kumwambia kijana haya maneno ni dakika mbili. Kuyafanya yaingie mkononi ni miezi, na katika hiyo miezi kuna geti litapinda, na litapinda kweli, mteja wa Ilazo kaweka nguzo zake tayari anasubiri, geti halifungi. Unakata kwa grainda unaanza upya. Disk imeisha, rodi zimeisha, luku imeisha, na fundi wako mzuri kuliko wote kaacha kazi inayoingiza hela kasimama nyuma ya kijana anamwelekeza. Kazi ya siku mbili inakula wiki.

Halafu kijana anaiva. Anachoma mstari umenyooka ukiuona unafurahi mwenyewe. Mwezi huo huo mkandarasi wa Mtumba, kule kwenye mji wa serikali, anamwita, anampa hela ambayo wewe huwezi kuifikia, na anaenda. Simlaumu hata kidogo, ana mama yake wa kumlisha na mimi ningekuwa yeye ningeenda. Mkandarasi naye simlaumu, anatafuta fundi aliyekamilika kapata. Ninachosema ni kwamba kuna mtu kalipia huo ujuzi kutoka mfukoni kwake na mtu huyo hayupo kwenye karatasi yoyote ya serikali. Ndo maana karakana nyingi hapa mjini sasa ukimpeleka kijana wanakwambia hatupokei, tunataka fundi anayejua tayari. Anayejua tayari atatoka wapi kama kila mtu hapokei?

Na hela ipo. Hilo ndo linaloniuma. Tozo ya SDL (Skills Development Levy), wanayolipa waajiri, ipo tangu miaka ya 90, ilikuja na ile sheria ya 1994 ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na jina lake ni la kuendeleza ujuzi. Ilikuwa asilimia 6 ya mishahara, 2013 ikawa 5, 2016 ikawa 4.5, 2020 ikawa 4, 2023 ikawa 3.5. Kila mwezi mwajiri analipa pamoja na PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi wake. Katika hiyo hela theluthi moja ndo inaenda VETA. Theluthi mbili zinabaki upande wa Hazina, na wenye viwanda wamelalamika miaka nenda rudi kwamba zimekuwa zikienda kwenye mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Mimi sina ugomvi na mikopo ya vyuo vikuu, nina mdogo wangu kasoma kwa huo mkopo na ulimtoa. Lakini mikopo itafutiwe mfuko wake. Hela iliyokatwa kwa jina la ujuzi kazini irudi kazini.

Kuna mtu ataniambia wewe karakana yako ndogo hiyo SDL hulipi, unadai nini. Kweli, silipi. Tangu 2021 anayelipa ni mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea, zamani ilikuwa kuanzia 4, na ule mpandisho ulitusaidia sana sisi wadogo, naushukuru. Ila angalia ulichofanya upande wa pili. Tumetoka kwenye kulipa, na kwenye kuhesabiwa tumetoka pia. Anayelipa ni yule mkandarasi mkubwa, analipa kwa sababu anatumia ujuzi, na ujuzi anaoutumia kautoa kwangu na kwa yule mzee wa Kizota. Kama tozo ina maana yoyote, maana yake si ndo hiyo, anayetumia ujuzi amchangie anayeutengeneza? Sasa inakuwaje mchango unatoka kwa mtumiaji, unapita juu ya vichwa vyetu, unaenda kutua kwingine kabisa?

Wenzetu Kenya mwajiri analipa shilingi 50 za kwao kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, inaenda NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, na akimpeleka mfanyakazi kwenye mafunzo yaliyokubaliwa anaruhusiwa kudai arudishiwe. Afrika Kusini tozo ni asilimia 1 ya mishahara, na mwajiri akiwasilisha mpango wake wa mafunzo na ripoti anarudishiwa asilimia 20 ya alicholipa. Hata Uingereza, tozo yao ya uanagenzi, yaani kujifunza kazi ukiwa kazini, ilianza 2017 kwa kampuni kubwa tu, zile ambazo mishahara yake inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka, na sehemu ya hela hiyo inagharamia mafunzo ya vijana walio kwenye kampuni ndogo. Sisemi huko mambo ni mazuri yote. Nasema wameona kwamba anayefundisha kazini naye anaingia gharama.

Haya, nikubali na ya upande wa pili. Serikali haijakaa tu. Kuna programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, vijana wanalipiwa ada kwenye vyuo, kuna urasimishaji ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa na VETA anapata cheti, hilo ni jambo kubwa, nimeona fundi wa miaka mingi anakishika hicho cheti mikono inatetemeka. Kulikuwa na SDF, ule mfuko wa kuendeleza ujuzi chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), uliotokana na mkopo wa Benki ya Dunia. Na ni kweli pia wapo mafundi wabaya, wanamfanya kijana mchota maji na wa kutumwa sokoni miaka miwili bila kumgusisha mashine. Hao wasipewe hata senti.

Ndo maana sidai hela ya kugawa. Nadai hivi: karakana iandikishe kijana wake kwa mtendaji wa mtaa au VETA, jina lake, tarehe aliyoanza, kazi anayojifunza. Fomu iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja, sio andiko la kurasa ishirini la Kiingereza na hesabu zilizokaguliwa. Kijana akiiva aende apimwe kwa utaratibu huo huo wa urasimishaji ambao tayari upo. Akifaulu, karakana iliyomfundisha ilipwe kiasi kinachoeleweka, kutoka kwenye zile theluthi mbili. Asipofaulu hulipwi. Aliyemfanya kijana mchota maji atajulikana siku ya mtihani. Na miwani ya kuchomelea na bima ya kijana ziwe humo humo, macho ya watoto yanaharibika.

Mji huu unajengwa tangu 2016 serikali ilivyoamua kuhamia kweli kweli. Nzuguni, Ihumwa, Nala, kila ukigeuka kuna nguzo zinasimama, na kila nyumba ina milango, madirisha na geti. Vijana wa Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa wanakuja hapa wanauza maji barabarani kwenye mji unaohangaika na mafundi.

Bajeti inasomwa hapa hapa Dodoma kila Juni, na Sheria ya Fedha inapita hapa hapa. Hilo badiliko ni kifungu kimoja. Mbunge anayetaka kujua lina maana gani aende Kizota asubuhi yoyote kabla kikao hakijaanza, aulize mwenye karakana ana vijana wangapi anaowafundisha na nani anamlipa.