Kipara cha Buibui Kilivyoniponza

Nakiri mapema ili tusipotezeane muda: yule buibui nilimwachia shemeji yangu mwenyewe, kwa mkono wangu huu wa kulia, tena huku nikimwonea huruma kama mtu anayemgawia mwenzake koti lililotoboka kwapani. Leo nikienda kwake sipiti hata kuamkia. Nanyoosha moja kwa moja hadi kwenye kasha la kioo, nainama, nakaa kimya. Shemeji ananisogezea kiti. Ameshazoea.

Buibui mwenyewe ni tarantula anayeitwa waridi la Chile, kwa jina la kitaalamu Grammostola rosea. Jina hilo la rosea alipewa na Mfaransa mmoja, Walckenaer, mwaka 1837. Ukimtandaza na miguu yake anajaza kiganja, na kwa viwango vya buibui ni mpole na hana papara. Kusema hana papara ni kumstahi. Wapo waliomfuga wakakaa wiki mbili wakijiuliza kama waliuziwa buibui au sanamu.

Sasa, mawaridi haya yako ya rangi mbili. Yupo wa shaba, ambaye wekundu wake umeenea mwili mzima, miguu, tumbo na gamba la mbele, na akigeuka kwenye mwanga anametameta kama sufuria mpya. Na yupo wa kijivu, kahawia iliyofifia, rangi ya vumbi, mwenye mng'ao kidogo wa waridi kwenye gamba la mbele tu, kana kwamba mchoraji aliishiwa rangi akaacha kazi njiani. Wafugaji wengi siku hizi huyu wa kijivu wanamwita Grammostola porteri na kumhesabu kuwa spishi nyingine kabisa, lakini wauzaji bado huwaweka wote kapu moja na lebo moja: waridi. Mnunuzi ndiye wa kufungua macho.

Mimi yangu niliyafungua mno. Wiki tatu nililala na simu usoni nikilinganisha picha. Nikamwambia mke wangu kwamba sasa hata nikiamshwa usiku wa manane naweza kumtofautisha wa shaba na wa kijivu. Akanijibu, "Nikikuamsha usiku wa manane, baba, haitakuwa kwa ajili ya buibui."

Siku ya kununua nikaenda na shemeji, mdogo wake mke wangu. Yeye hakuwa na habari ya rangi. Alitaka kitu cha kuwatisha wageni wasiokwenda kwao.

Muuzaji alikuwa na majike mawili tu, waliokuja pamoja kwenye mzigo mmoja, na mtu mwungwana alisema wazi: "Kwa kweli hawa sijui yupi ni yupi. Angalieni wenyewe." Nikamshika shemeji bega nikamwambia, "Shem, leo utajifunza kitu." Nikiyakumbuka maneno hayo saa hizi masikio yananichoma.

Wa kwanza alikuwa kwenye rafu ya juu, chini ya taa ndogo nyekundu. Alikuwa anang'aa! Manyoya yamelala vizuri, kila unywele mahali pake, gamba la mbele linatoa mng'ao wa waridi unaokufanya useme Mungu fundi. Wa pili alikuwa rafu ya chini, kwenye taa nyeupe, amejikunyata pembeni kama mpangaji anayedaiwa kodi. Rangi yake ilikuwa ya udongo uliochujuka. Tumbo limevimba. Na juu ya tumbo, pale ambapo pangekuwa na manyoya, palikuwa na kipara, kimeiva cheusi tititi kama kidole kilichobanwa na mlango.

Mimi mwenyewe nina kipara, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuwa mkali kiasi kile. Lakini nilisimama pale nikatoa mhadhara. "Huyu wa chini ni wa kijivu, tena mgonjwa. Ona tumbo. Ona hicho kidonda. Hali chakula, muulize muuzaji." Muuzaji akakubali kwamba kweli, wiki kadhaa hajagusa chakula. Nikamtazama shemeji kwa ile sura ya daktari aliyeletewa majibu. "Wa juu ndiye wa shaba. Huyo wa chini, kama unataka wa kutishia wageni tu, atakufaa. Mgeni haangalii rangi, anakimbia."

Muuzaji akampunguzia shemeji bei kwa sababu ya kile kipara. Tukatoka wote tumefurahi.

Nifike nyumbani, nimweke kwenye kasha lake karibu na dirisha, jua la asubuhi liingie. Kijivu. Nikafuta kioo. Kijivu. Nikafuta miwani. Miguu kijivu, tumbo kijivu, gamba la mbele lina ule mng'ao kidogo wa waridi, na habari imeishia hapo. Wekundu wote nilionunua ulikuwa wa ile taa, na ulibaki kule kule rafuni na mwenye taa yake.

Nikajipa moyo kwamba labda ana uchovu wa safari. Nikafungua kifuniko nikasogeza uso nimchungulie vizuri, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba tarantula wa Amerika hana haja ya kukung'ata. Aliinua miguu ya nyuma akajikuna tumbo harakaharaka, kama mtu aliyekumbuka jambo. Sikuona kitu kikiruka. Baada ya dakika tano nilikiona kwenye shingo yangu. Vile vinyweleo vya tumboni ni silaha yake, anavirusha hewani, na kama umewahi kupitiwa na upupu utotoni sina haja ya kukueleza zaidi. Nilijikuna siku mbili. Bahati yangu miwani ilikuwa usoni, maana vikiingia jichoni si mzaha tena, unakimbilia hospitali.

Mke wangu akaniuliza, "Ndiye yule wa shaba?" Nikamwambia rangi inakuja polepole. Mungu anisamehe.

Wiki ya tatu, saa nne usiku, simu ikalia. Shemeji.

"Shem, amekufa."

"Nani?"

"Buibui wangu. Kalala chali."

Naomba unielewe. Sikufurahi kwamba mnyama amekufa. Nilifurahi kwamba nilikuwa nimesema. Ni furaha tofauti. Nikavaa viatu, mke wangu naye akasema anakwenda kumpa pole mdogo wake, tukaongozana.

Tulimkuta kweli yuko chali, amelalia utando mwembamba alioutandika chini kama shuka, miguu yote minane imetawanyika hewani. Nikatikisa kichwa. "Nilikuambia. Kile kidonda." Shemeji alikuwa na simanzi ya kweli, jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyenunua buibui wa kutishia wageni. Alikuwa ameshampa jina, na jina lenyewe ni Mrembo. Tukachimba kishimo nyuma ya nyumba kwa kijiko kikubwa, nami nikimwangazia kwa simu. Akatafuta kiboksi, akakitandika pamba. Mimi nikasema maneno mawili matatu kuhusu maisha mafupi ya viumbe, maneno mazuri tu, sijui yalitoka wapi.

Tukarudi ndani kumtoa marehemu. Shemeji kashika kijiko, mimi nimeshika kiboksi, mke wangu kainama mbele ya kioo.

"Mbona anapumua?"

"Ni upepo, dada."

"Upepo upo ndani ya kioo?"

Tukainama wote watatu. Mguu mmoja ulikuwa unatetemeka, taratibu sana. Halafu pembeni ya gamba la mbele ukatokea mstari mweupe, ukapanuka, na gamba zima likaanza kunyanyuka kama kifuniko cha chungu kinachosukumwa na mvuke.

Hapo mhadhara wangu wote ukanirudi kooni. Nilikuwa nimesoma habari hizi! Wiki tatu za picha, na katikati ya picha kulikuwa na maneno, nami maneno nikayaruka. Tarantula aliyekufa kwa kawaida hufa kifudifudi, miguu imejikunja chini yake kama ngumi. Anayelala chali anajivua gamba. Siku za kukaribia kujivua hula kidogo au hagusi chakula kabisa, tumbo hujaa, rangi huchujuka maana lile ni vazi la zamani lililochakaa, na kama ana kipara tumboni hugeuka cheusi kwa sababu manyoya mapya yako tayari chini ya ngozi yanasubiri kutoka. Vyote hivyo nilivisoma siku ile kwa sauti, kimoja kimoja, nikavitafsiri kuwa ni ugonjwa.

Na kijiko kilikuwa inchi mbili kutoka kwake. Wakati ule mwili ni laini kama jeli, ungemgusa tu ungemtia kilema au ungemuua kweli, na maziko yangeendelea kama yalivyopangwa.

Tulikaa sakafuni hadi usiku mkubwa. Hakuna aliyesema twende. Alikuwa anavuta miguu kutoka kwenye ile ya zamani kidogo kidogo, anavuta, anapumzika, kama mtu anayevua glavu zilizolowa, ila glavu nane kwa pamoja. Meno yalitoka meupe pee, mfano wa punje changa za mchele, siyo yale meusi tuliyoyazoea. Mwishowe gamba la zamani likabaki pembeni, zima, na miguu yake yote, ukiliona haraka unasema buibui wamekuwa wawili.

Kisha akajigeuza. Shemeji akasogeza taa. Taa nyeupe, ya kawaida, sina pa kujitetea.

Shaba. Kuanzia ncha za miguu hadi tumboni, shaba iliyokolea, na gamba la mbele linawaka wekundu wenye dhahabu ndani yake. Sijaona picha iliyomfikia, na mimi picha nimeziona.

Nyumba ikawa kimya. Mke wangu akanitazama. Akamtazama buibui. Akanitazama tena.

"Wa kijivu, tena mgonjwa," akasema.

Nikajaribu ujasiri. Nikamwambia shemeji, kwa sauti ya mtu mwenye kujali, kwamba buibui aliyetoka kujivua anahitaji uangalizi, hawezi kulishwa mpaka meno yakauke yawe meusi, kama siku kumi hivi, na nyenje, yule mdudu wa kumlisha, asiachwe ndani akiwa hai maana anaweza kumtafuna akiwa bado laini. Kwa hiyo, ili asisumbuke, labda tungebadilishana. Yeye achukue wangu, ambaye hana shida yoyote.

"Shem," akasema, "wewe si ulisema mgeni haangalii rangi?"

Kwa kufidia machungu nikamwomba basi lile gamba la zamani niende nalo kama kumbukumbu. Akanipa bila kinyongo. Nikalibeba mkononi njia nzima. Kile ambacho sikukisoma, kwa sababu nacho kilikuwa kwenye maneno, ni kwamba gamba hubaki na vinyweleo vyake vya kuwasha. Siku mbili nyingine.

Nikapiga hesabu baadaye nikaelewa mchezo wote. Yule wangu alikuwa ametoka kujivua muda mfupi kabla sijamwona, ndiyo maana alikuwa nadhifu vile. Hata wa kijivu akivaa nguo mpya anapendeza. Nilikuwa nimelinganisha mmoja aliyetoka saluni na mwingine aliyetoka shambani, nikadhani nalinganisha koo zao. Ningewaleta wote wawili dirishani, nikaacha kuangalia mng'ao wa gamba la mbele nikaangalia miguu na tumbo, na nikamuuliza muuzaji swali moja tu, kwamba huyu alijivua lini, nisingekuwa nasimulia haya.

Wangu amegoma kula tangu mwezi wa kwanza. Sina wasiwasi, mawaridi ndivyo yalivyo, yanaweza kufunga miezi kadhaa, wengine hata mwaka, na afya ikabaki ile ile. Nyenje niliyemwekea mara ya mwisho alikaa naye siku tatu wakiwa kama wapangaji wawili wasioelewana, nikamtoa. Jike kama huyu huweza kuishi miaka 20 na zaidi, kwa hiyo bado tuko pamoja sana.

Mke wangu hajui kwamba nimenunua taa ndogo nyekundu. Naiwasha usiku akishalala, dakika kumi tu, kisha nazima.